Kitobo Chini ya 403

Jioni ile nilikuwa ninapeleka bugali kwa garaji. Kazi ya kila siku. Bugali mu sahani ya chuma, majani ya sombe juu, kitambaa juu ya sombe, na Mbambu mu mugongo. Mutoto alikuwa hajaanza kutembea. Padri alimubatiza Elisabeth, lakini polepole, juu majina ya wazungu ilikuwa imekatazwa mu Zaire, na siye tulimuita Mbambu tu. Mbele azaliwe, tulizika watoto wengine kule Butembo. Basi musinicheke nikisema kama nilikuwa ninamubeba hata pale haikuwa na lazima. Nilipenda kusikia pumuzi yake mu shingo yangu.

Bwana yangu, Katsuva, alikuwa tolier. Moteri haikuwa kazi yake. Yeye alikuwa mutu wa mwili ya gari: anakata pale pameoza, anapachika tole ingine, yaani bati ya chuma, anasude na moto, anapiga nyundo, anapaka mastiki, mpaka hauone tena kama palikuwa kidonda. Mu Bunia yote watu walisema Katsuva akifunga kitobo, hata mwenye gari hawezi kuionyesha. Nilikuwa ninaringa sana juu ya ile sifa. Leo mutu akiisema mbele yangu, ninaondoka.

Mwaka ule, soixante-dix-huit, sabini na nane, alikuwa na kazi moja tu mu mikono: Peugeot 403 ya muzee Antoine. Mbele ya watu wa Parti ya serikali alikuwa na jina ya babu yake, lakini mu kartie, kati ya majirani, alibaki Antoine. Alikuwa ananunua kahawa, anauza kahawa, tumbo mbele. Zamani, wakati ya Wabelge, alikuwa shofere wa ile ile gari. Muzungu mwenye gari alipokimbia, aliiacha kule Irumu nyuma ya depo, na majani ikaota mpaka mu siti. Sasa muzee alikuwa anaoza binti yake kule Mahagi, na alitaka kuingia mu ndoa akiketi mu ile gari. Si ingine. Ile. Kila mutu na kichwa yake.

Na kutu ilikuwa imeikula, mama weee! Plansheri, ile pahali unaweka miguu, haikuwako tena. Unaketi, unaona udongo. Ukigusa mulango, unabaki nayo mu vidole kama mukati kavu. Katsuva alikata, akapachika tole ya mapipa ya mafuta, akasude vizuri. Wiki haikupita, kutu ilirudi, ikatokea chini ya rangi kama upele. Akakata tena. Ikarudi tena. Na tole ya kweli haikuwako Bunia. Alizunguka mu magazini yote ya kuuza chuma, alituma watu wa malori Komanda, alituma mpaka Kisangani. Jibu ni moja: haiko.

Muzee Antoine alikuwa amesema wazi. Gari ikiwa tayari kabla ya ndoa, Katsuva atakuwa mukubwa wa garaji yake, na siye tutaingia mu nyumba ya simenti. Isipokuwa tayari, machupa ya gazi ya kusude ni ya muzee, ataichukua. Tolier bila gazi anabaki kuangalia njia. Tungerudi Butembo kwa baba mukwe, mikono mitupu, na makaburi ya watoto ingekuwa inatungoja kule. Katsuva alikuwa haongee tena mu nyumba. Alikuwa anaikala chini, anaangalia mikono yake. Iliniuma sana kumuona vile.

Basi nilifika kwa garaji, kule njia ya Mudzi-Pela. Jua ilikuwa inashuka. Harufu ndiyo ilinipokea ku mulango...

Haikuwa harufu ya gazi. Haikuwa ya rangi. Ilikuwa harufu ya udongo iliyochimbuliwa sasa hivi, udongo ya chini, baridi.

Mama mumoja alikuwa anaketi ndani ya gari.

Alikuwa mu siti ya nyuma, ametulia, kama mutu anangoja shofere. Sikumujua. Hakuwa muzee, hakuwa kijana. Kitenge yake ilikuwa ya wakati ya mama yangu, rangi imekwisha yote. Miguu yake ilikuwa inapita mu plansheri iliyooza, inagusa chini. Pembeni yake kulikuwa mukeka, na Katsuva alikuwa ameisha kuifungua. Macho ya bwana yangu ilikuwa inawaka.

Ndani ya mukeka ilikuwa tole. Mabeseni, masahani, vifuniko ya sufuria, yote imepigwa nyundo mpaka imekuwa bapa. Chuma safi, bila kutu hata kidogo. Zingine zilikuwa bado na maua ya rangi, ile maua ya beseni ya bibi arusi. Na kila moja, pale katikati, ilikuwa na kitobo, ukubwa ya kidole. Imepigwa na musumari toka ndani kwenda inje.

Nani anatoboa beseni yake mwenyewe? Miye nilijiuliza. Katsuva hakujiuliza. Alikuwa anapitisha mukono juu ya ile tole, anaguna kama mutu amekuta maji. Alimuuliza mama anataka nini. Yule alinyoosha kidole chini, pale palikuwa vipande na vumbi nyekundu iliyoanguka toka mu gari.

"Ile kutu," alisema polepole. "Unipe ile."

Katsuva alicheka. Miezi nzima sikumusikia akicheka. Alichukua ufagio, akakusanya kutu, akaileta. Mama alitandika mwisho ya kitenge yake chini, akaokota kila kipande, vile siye tunaokota muchele ikimwangika. Hakuacha kitu. Kisha alilamba kidole, akagusa vumbi iliyobaki, akaingiza mu mudomo. Akatafuna. Nilisikia ikilia mu meno yake.

Katsuva hakuona. Alikuwa na tole yake.

Yule mama akageuka kwangu. Hapana, hakuniangalia miye. Aliangalia nyuma ya bega yangu.

"Anapumua muzuri," alisema.

Nilikaza kitenge ya mutoto. Alipofika ku mulango alisimama, akamuambia Katsuva bila kugeuka: "Pachika vile unataka. Lakini vitobo yao, usizibe."

"Ndiyo, mama, ndiyo," Katsuva akamujibu, vile unajibu mutoto anayekusumbua kazini.

Nikamufuata inje, nimuulize ametoka wapi. Ku mulango kulikuwa Wivine, muuza mandazi wa kila siku, na mafuta yake ku moto. Nikamuuliza mama yule amepita upande gani. Wivine aliniangalia, akasema tangu saa ile alipowasha moto hakuona mutu anatoka mu ile garaji, wala kuingia, isipokuwa miye.

Sasa lazima niwaeleze kitu juu ya watolier, juu mambo yote ilitoka pale. Tolier hawezi kuacha kitobo. Si kama hataki, hawezi. Kwake kitobo mu tole ni haya, na akiipita, mukono inamuwasha. Katsuva alisude zile tole ku plansheri, ku milango, ku pembe ya magurudumu, na ikaingia pale kama ilikatwa juu ya ile gari. Kutu haikurudi. Muzee Antoine alikuja kuangalia, akapiga makofi mu mugongo ya bwana yangu. Kwanza Katsuva aliacha vitobo, vile alikubali. Alikuwa anazunguka gari, anaangalia, anaguna. Kisha mvua ilinyesha, maji ikapanda mu plansheri, na ikawa mwisho. Alichukua shalumo, ile mudomo ya moto ya kusude.

Miye nilikuwa nyumbani, ninanyonyesha.

Mbambu aliacha titi.

Mudomo wazi. Macho wazi. Kifua haipande...

Nilimuita. Nilimutikisa. Nilimupuliza mu uso. Ilikuwa kama mutu ameweka kidole gumba mu koo yake, ndani kabisa, na anakandamiza bila haraka. Kisha pumuzi ilirudi, lakini nyembamba. Haikurudi yote.

Enfirmie, muuguzi wa dispansere, alisema ni bronshiti ya kifua, akanipa siro ya kikohozi. Kesho yake ikamushika tena. Kesho yake tena. Kila mara pumuzi ilikuwa inarudi ndogo kuliko ile ya jana, na usingizi yake ikaanza kulia filimbi. Na kila jioni Katsuva alikuwa anarudi na uso ya furaha, ananihesabia: leo nimeziba ya mulango, leo nimeziba ya nyuma. Anakula vizuri. Anamupapasa mutoto, anasema siro itasaidia. Sikuunganisha. Weye ungeunganisha?

Siku moja nilienda kwa garaji mapema, juu niliogopa kuikala peke yangu na ule mutoto. Nilijikalisha ku piné, mupira ya gurudumu ya zamani, Mbambu mu magoti yangu. Katsuva alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Moto ilikuwa inapuliza, fuuuuu, na hewa ilikuwa inanuka gazi. Alisema toka kule chini kama hii ni ya plansheri, upande ya shofere, akiimaliza anakula.

Kupitia mulango wazi, mu kitobo ya plansheri, niliona waya ya shaba ikiyeyuka. Tone moja ikaingia mu kitobo.

Mbambu akakauka mu mikono yangu.

Na chini ya gari, mutu akavuta pumuzi.

Hhhhhhhhh...

Haikuwa Katsuva. Katsuva alikuwa anaimba mu meno. Nilitupa macho mu gari, mu mulango iliyokuwa wazi, na niliiona na haya macho yangu. Plansheri ilipanda. Ikashuka. Ikapanda tena, polepole, vile tumbo ya mutu amelala. Maua ya ile beseni ilikuwa inapanda na kushuka nayo. Na mutoto mu magoti yangu alikuwa hapumue.

Pumuzi yake ilirudi, ndogo sana. Katsuva akatoka chini ya gari, akauliza kwa nini ninalia. Nilimuvuta mukono mpaka ku kona, mbali na gari, na nilimusemesha mu sikio, kama ile gari ingetusikia. Nilimuambia yote. Kila kitobo na siku yake. Nilingoja anicheke, nimutukane, tugombane kama kila siku.

Hakucheka. Aliangalia mutoto, akaangalia gari. Nikaona ananiamini, na ile ndiyo iliniua moyo, juu aliniamini na bado akasema:

"Ndoa ikipita tu, nitatoboa yote. Kavira, usinirudishe Butembo."

Nilimutukana. Matusi ile siwezi kuirudilia hapa, niko mukristo. Yeye aliikala chini, miwani yake ya kusude juu ya kichwa, akalia kama mutoto. Nilimuacha pale na bugali yake, nikaondoka mbio.

Jirani yetu alikuwa mama Godelive, mutu wa Mahagi, wa ku ziwa, muuza samaki kavu. Mama wa misa kila asubuhi, hapana mutu wa maneno ya ovyo. Nilimukuta anageuza samaki ku moto. Nilipofika ku neno ya mabeseni yenye kitobo, mukono yake ilisimama.

Aliniambia kama mu ukoo wao, mama akikufa, wanaweka beseni yake juu ya kaburi, na sahani yake, na kifuniko. Lakini kwanza wanaitoboa na musumari. Wizi iko, ndiyo, na kitu yenye kitobo haina faida kwa mwizi. Lakini kuna neno ingine. Kitu ya mufu lazima ikufe nayo, isifanye tena kazi, ndipo mwenyewe anaenda salama. Nikamuuliza: na mutu akiziba? Aliondoa samaki ku moto, moja moja.

"Bibi yangu alisema inaamuka," akasema. "Na kitu ya mufu ikiamuka, haina pumuzi yake. Inatafuta ya mutu. Ya mudogo wa mu nyumba ya yule aliyeziba."

Nilimuuliza ule mama ni nani basi. Mwenye beseni? Mwizi wa makaburi? Na kutu alikuwa anaipeleka wapi? Godelive akatikisa kichwa, akasema hajui, na nisimuulize tena mu nyumba yake. Aliingia ndani, akatoka na musumari mrefu, ile ya miti ya paa, akaiweka mu mukono yangu. Alisema nitoboe yote, kabla gari itembee na moteri yake. Ikitembea, itakuwa imezoea.

Muzee Antoine alikuwa anakuja kuichukua jioni ileile.

Nilikimbia. Sijui nilipita wapi. Viatu yangu ilibaki mu matope, na Mbambu mu kifua yangu alikuwa ananikwangua shingo na vidole, midomo imekuwa buluu. Nilikuwa ninaomba Mungu kwa sauti mu njia, watu wananigeukia, sikuona haya. Kama ningejua pahali ya kuuza pumuzi yangu miye, ningeiuza pale pale.

Gari ilikuwa imeisha. Ilikuwa inangaa mu ile mwanga ya mwisho, rangi ya kijivu kama njiwa, bila alama, bila kovu. Ilikuwa muzuri. Siwezi kudanganya, ilikuwa kitu muzuri kuliko yote bwana yangu aliyofanya mu maisha yake. Alikuwa amesimama mbele yake, mikono wazi, kunizuia.

Nilifunua uso ya mutoto, nikamuonyesha.

Aliangalia. Kisha akachukua musumari mu mukono yangu, akachukua nyundo.

Pa!

Kitobo ya kwanza. Hewa ikatoka, fffff, baridi, na harufu ya ule udongo. Mbambu akakohoa.

Pa! Ya mulango. Pa! Ya nyuma. Rangi ilikuwa inaruka vipande vipande. Alikuwa analia na anapiga, anapiga kazi yake mwenyewe, na kila kitobo ikifunguka mutoto anapata kidogo, anapata kidogo. Midomo ikaanza kurudisha rangi. Nikaanza kucheka na machozi.

Kisha akasimama.

"Imebaki moja," alisema polepole. "Ile ya siku ya mvua."

Ile ya siku ya mvua ilikuwa mu plansheri, na juu yake alikuwa ameweka tole ya pili, kwa nguvu, na mastiki, na rangi. Aliingia ndani, akapitisha mukono. Akaweka sikio. Akapiga hapa, hapana. Akapiga pale, hapana. Alikuwa amefanya vizuri sana. Mutu ambaye watu walimusifu kama akifunga hauone, sasa yeye mwenyewe alikuwa haone. Alikuwa anakwangua na makucha, anasema ilikuwa huku, hapana, ilikuwa huku. Na plansheri ilikuwa inapanda na kushuka chini ya magoti yake.

Akasema atakata yote. Akawasha shalumo.

Na muzee Antoine akaingia na watu wake.

Muzee hakuwa mutu mubaya. Aliona gari yake ya ndoa imejaa vitobo, na tolier anataka kuichoma. Ungefanya nini? Wakamukamata Katsuva, wakamunyanganya moto, wakamukalia juu. Miye nilipiga magoti mbele ya gurudumu, nikamunyanyua mutoto, nikamuambia muzee kama pumuzi ya Mbambu iko mu plansheri ya gari yake, atupatie nafasi ya kukata tu, kidogo tu. Aliniangalia kwa huruma. Na ile huruma ilikuwa mubaya kuliko hasira.

"Mama," alisema, "mutoto iko mugonjwa. Umupeleke ku hospitali."

Watu wawili wakaniondoa mu njia. Walitandika mikeka juu ya vitobo. Muzee aliketi ku usukani, uso yake ikawa uso ya kijana, na akawasha.

Moteri ikashika. Na Mbambu, mu mikono yangu, akaanza kupumua nayo. Ikiguruma, anavuta. Vitesi, ile gia, ikibadilika, anasimama, anaanza tena. Gari ikatoka mu mulango, ikashika njia ya Djugu, ikapanda, na kifua ya mutoto yangu ikapanda nayo. Tulikimbia nyuma yake mpaka nguvu ikaisha.

Hakukufa. Vile vitobo ingine ilimuachia nusu, na kwa ile nusu aliishi. Tulizoea, kama watu wanazoea mambo. Gari ikisimama, Mbambu anacheza. Gari ikitembea, anaikala chini, anashikilia ukuta, anangoja. Ku shule mwalimu alisema ni muvivu. Muzee Antoine hakuiweka ile gari muda mrefu. Alisema inakoroma usiku mu garaji, akaiuza. Wa pili akaiuza. Ilienda Aru, ilienda Isiro, ilienda Beni. Katsuva aliacha kazi. Aliweka nyundo na musumari mu kifuko, akawa anafuata ile gari mu malori ya watu, anarudi amekonda, anaondoka tena. Mu kartie walisema amepata wazimu. Hakuwa na wazimu. Alikuwa baba. Na miye nilimusamehe ku barabara, siku moja pale alikuwa anapanda lori, na sikumuambia. Nilifikiri atajua.

Mwaka quatre-vingt-six, themanini na sita, siku moja nyuma ya masomo, Mbambu alikuwa anachambua maharagi. Pumuzi ikaanza kukimbia. Tulingoja isimame. Haikusimama. Maharagi ikamwangika. Nilimulaza mu mukeka, nikamushika, na jioni ikaingia, na bado inakimbia, nyembamba, filimbi, midomo buluu kama siku ile.

"Mama," alisema, macho imefungwa. "Inapanda."

Nilimuambia anyamaze, asipoteze nguvu.

"Baba iko ndani. Amelala chini, mu plansheri."

Nilimukamata mabega.

"Anapiga."

Kisha akanyamaza. Kifua ikasimama. Niliweka sikio... hakuna. Niliita Godelive, niliita Bikira Maria, nilimuita Katsuva kwa nguvu yangu yote.

Na Mbambu akavuta pumuzi.

Nzima. Kubwa. Ile ya mu mugongo yangu, ile sikuisikia tangu wakati ule. Akafungua macho, akacheka, akasema ana njaa. Alikula bugali, akaomba ingine. Akatoka inje, akakimbia kuzunguka nyumba, na hakuna mutu alimuambia aikale. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Nyuma yake ndipo Mathieu alikuja, shofere wa lori ya Komanda. Aliketi, akazungusha kofia mu mikono. Alisema kulikuwa 403 imesimama kando ya njia, kati ya Irumu na Komanda. Mwenye gari alisema alimubeba mutu mumoja mwenye kifuko, akasimama kununua makala ya kupikia, na aliporudi alikuta milango yote imefungwa toka ndani. Alisikia nyundo. Walivunja kioo. Plansheri ilikuwa na kitobo mupya, na nyundo ilikuwa pale, na kifuko. Mutu haikuwako. Ile kitobo haingepitisha hata ngumi ya mutoto. Walitafuta mu pori, mu mitaro, mpaka wakachoka.

Tulifanya kilio bila maiti. Muzee Antoine alikuja, akalia kweli.

Lakini kuna neno sijamuambia mutu, hata Godelive. Watu wa kusude wako na kikohozi yao, kavu, ndogo, ya mutu aliyekula moshi miaka nzima. Mwanamuke anayelala pembeni ya tolier anaijua kuliko sauti yake. Sasa Mbambu akilala, pumuzi yake inaenda vizuri, inashuka vizuri, na pale ku mwisho, kila mara, iko ile kikohozi.

Nilifurahi kuisikia. Mungu anisamehe, nilifurahi, na nililia mpaka nikauma kitenge.

Jana jioni nilimusogelea mu giza. Nilikuwa na neno ya kumuambia bwana yangu, ile ya ku barabara, kama nilimusamehe. Niliita jina ya Katsuva, polepole, mu sikio ya mutoto. Mbambu hakuamuka. Pumuzi yake ilisimama kidogo, kama mutu anasikiliza. Kisha ikaendelea.